Kopo la Nne

Makopo yalikuwa manane. Yalikuwa makopo ya rangi ya lita nne, yamejazwa zege mpaka mdomoni, na katikati ya kila moja kumechomekwa kipande cha bomba kilichopakwa mistari myekundu na myeupe. Kila kopo lilikuwa na uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Kila asubuhi, kabla kengele haijapigwa, msichana waliyemwita Dada Kopo aliyatoa moja moja kwenye stoo ya fagio na kuyapanga kando ya barabara mbele ya geti la shule, manne upande huu wa kivuko, manne upande ule. Palipokaa kopo, gari halikusimama. Palipokosa kopo, hata pakiwa pengo la kupita mbuzi, gari liliingia.

Jina hilo alipewa na watoto, naye hakulikataa. Hakuwa mtu wa kukataa mambo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Aliacha shule darasa la tano mama yake alipofariki, na tangu hapo alilelewa na mama yake mdogo, ambaye alizoea kusema kwamba ukitaka kuisikia sauti ya huyu mtoto, mkanyage kidole. Akisalimiwa na mtu mzima alijibu huku anaitazama miguu yake. Kwa watoto tu ndiko sauti ilikotoka.

Ilibidi itoke, maana watoto wa darasa la kwanza walikuwa hawajajua kusoma. Kibao chake kiliandikwa SIMAMA, na neno hilo lilikuwa la madereva. Wadogo aliwafundisha kwa njia yake mwenyewe.

"Kibao juu?" aliwauliza.

"Twende!"

"Kibao chini?"

"Tungoje!"

Waliimba hivyo asubuhi na mchana, mpaka muuza duka wa ng'ambo ya barabara akawa anaitikia huku anapima sukari. Aliyeimba kwa nguvu kuliko wote alikuwa mtoto mmoja mwenye alama nyeusi shavuni, wakamwita Kidoti. Mkoba wake ulimpita makalio, na nyumba yao ilikuwa hapo hapo ng'ambo, mlango wa tatu kutoka dukani. Mama yake alikuwa mshonaji, na mashine yake ilikuwa karibu na dirisha. Kila mchana mlio wa mashine ukikatika, Dada Kopo alijua mama amenyanyua kichwa kumtazama mwanawe akivuka.

Tatizo halikuwa watoto. Tatizo lilikuwa waliowaleta. Kila mmoja alimpenda mwanawe, hilo halina ubishi, na kila mmoja alitaka wake ashukie mdomoni mwa geti, kana kwamba akitembea hatua ishirini miguu itaisha. Wa kwanza alisimama kwenye mistari ya kivuko, wa pili akasimama ubavuni mwake katikati ya barabara, wa tatu akapandisha magurudumu kwenye njia ya miguu, na wote waliwasha indiketa zote mbili kama mtu anayesema samahani huku amekukalia.

"Dakika moja tu, dada!" walimwambia kupitia dirishani.

"Dakika ya huyo ni mimba," muuza duka alipaza sauti. "Ukiingoja utazaa!"

"Wewe pima sukari yako!"

"Napima. Na wewe jifunze kupaki. Hilo gari umelisimamisha au limekuponyoka?"

Dada Kopo alicheka kwa ndani. Yeye hakuwahi kumwambia dereva neno. Makopo ndiyo yaliyomsemea.

Lakini kulikuwa na kopo moja ambalo halikumsemea. Lilikuwa kopo la nne, la mwisho kabla ya kivuko, upande wa shule.

Aliyempatia kazi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mwanamke mpole wa sauti, mwenye gari jeupe refu la vioo vyeusi. Kila mtu alimwita Mama Kamati. Alimkuta Dada Kopo akifua nguo za watu pamoja na mama yake mdogo, akamtazama, akasema, "Huyu binti ni mtulivu, atafaa pale getini." Hakutaka shukrani. Ila miezi miwili baadaye alisimamisha gari, akateremsha kioo, akasema, "Mwanangu, kijana wangu pumu imemshika tangu juzi. Hebu nisogezee hilo kopo, nimshushie hapa. Wiki hii tu."

Dada Kopo alilisogeza kopo la nne hadi ukutani, pembeni ya geti. Wiki ilipita. Pumu ilipona, mtoto akaonekana uwanjani akikimbiza mpira kama swala, lakini gari jeupe liliendelea kuja, na kopo liliendelea kusogezwa. Angesemaje? Mkono uliokulisha unaupiga kofi? Basi ikawa desturi. Gari likionekana kwenye kona, analitoa kopo. Likiondoka, analirudisha upesi kabla mwingine hajapaona. Mwaka mzima hivyo, mara mbili kwa siku, mpaka akawa hafikiri tena. Mikono ilifanya yenyewe, kama mtu anavyofukuza nzi.

Dereva mmoja tu ndiye aliyekuwa hapigi honi mtaani hapo. Alikuwa mzee wa gari la mikate, ambaye kwa mwendo wake walimpa jina la Kobe. Kila mchana alileta mikate dukani. Muuza duka alidai kwamba mkate hutoka kiwandani wa moto, ukapoa njiani, ukafika kwake umeshakuwa na wajukuu.

"Wacheke," Kobe alimwambia Dada Kopo siku moja, akimpisha yeye na watoto wake. "Miaka thelathini na moja, mwanangu, sijawahi hata kukanyaga kuku."

Dada Kopo alitabasamu akiitazama miguu yake.

Jumanne ile mvua ilinyesha asubuhi, na mchana ardhi ilikuwa matope. Jumapili iliyotangulia Dada Kopo alikuwa amekipaka kibao chake rangi mpya kwa mkono wake mwenyewe, herufi nyeupe juu ya nyekundu, na alikishika kama mtu aliyeshika chungu cha mchuzi. Kengele ilipogongwa gari jeupe lilikuwa limeshaingia penye nafasi ya kopo la nne. Watoto wa darasa la kwanza walianza kutoka.

"Dada," Mama Kamati aliita, "njoo mara moja buti la nyuma. Nimemletea mwalimu mkuu vyungu vya maua, na mgongo wangu huu haufai."

Vyungu vilikuwa viwili, vizito, vya kubebwa kwa mikono yote. Siku nyingine, akiitwa kufunga kamba ya kiatu au kumfuta mtoto makamasi, Dada Kopo alikilaza kibao chini. Kibao chini, tungoje. Leo chini palikuwa na matope na rangi ilikuwa mpya. Alitazama huku na huku, akaona kopo la nne ukutani na bomba lake lililo wazi juu. Akachomeka mpini wa kibao ndani ya bomba. Uliingia vizuri, kana kwamba vilitengenezwa pamoja. Akaenda nyuma ya gari, akainama, akakumbatia chungu cha kwanza.

Alisikia, "Kibao juu?" Alisikia kitoto kikijijibu chenyewe, "Twende!"

Kisha alisikia breki. Halikuwa tukio la kelele. Gari la Kobe halikuwa na mwendo wa kupiga kelele. Ulikuwa mshindo mdogo, kama gunia la nguo lililoangushwa sakafuni, na baada yake ukimya, na ndani ya ukimya huo mashine ya kushonea ikaendelea mishono mitano, sita, halafu ikakatika.

Watu walitoka kila upande. Kobe alishuka akasimama na mikono kichwani, akisema neno moja tu, "Nyuma ya gari, nyuma ya gari, ametokea nyuma ya gari." Mama yake Kidoti alifika na futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni. Walimpakia mtoto kwenye gari la mikate lile lile, juu ya makreti, mzazi mmoja akashika usukani kwa kuwa Kobe hakuweza. Mama Kamati alimvuta kijana wake garini, akafunga mlango, akaondoka.

Na mahali pakabaki wazi.

Dada Kopo hakukumbuka alivyofanya. Lakini alifanya. Alikichomoa kibao, akalibeba kopo la nne, akalirudisha mahali pake.

Sajini wa trafiki alipofika aliyakuta makopo manane yamepangwa mstari mmoja, kama askari wa gwaride. Aliyahesabu kwa kalamu.

"Mzee unasema mtoto ametokea nyuma ya gari. Gari gani? Lilikaa wapi? Lilikaa juu ya zege?"

"Lilikuwepo, afande. Jeupe. Liliziba kivuko chote."

"Lilikuwepo, likayeyuka." Sajini aliwatazama wazazi. "Nani ameona gari?"

Wazazi walitazamana. Nusu yao magari yao yalikuwa kwenye njia ya miguu. Muuza duka alikuwa ndani akitafuta chenji. Sajini alimgeukia Dada Kopo. "Binti, hapa ndipo kazini kwako. Palikuwa na gari?"

Dada Kopo aliitazama miguu yake, ilikuwa na matope mpaka kwenye vifundo.

"Haya," Sajini alisema, akaandika. Kobe alipanda gari la polisi mwenyewe bila kushikwa, polepole, kama alivyofanya mambo yake yote.

Jumatano jioni Mama Kamati alikuja nyumbani. Hakuja na gari mpaka mlangoni. Aliliacha mbali, akatembea, na hilo peke yake lilimshtua mama mdogo, akamletea kiti kizuri, akaenda kuchemsha chai.

"Mtoto yuko vibaya," Mama Kamati alisema. "Tumwombee. Nimeshazungumza na hospitali, wamwangalie vizuri." Alizungusha pete kidoleni. "Sajini amenipigia. Nimemwambia makopo yalikuwa manane. Ndivyo, mwanangu?"

Dada Kopo alikunja pindo la gauni lake, akalikunjua.

"Sikuja kukutisha. Mimi mwenyewe sijalala. Nilikuwa nimekaa kwenye usukani, nikatazama kwenye kioo, nikamwona yule mtoto amesimama anatazama ukutani. Anatazama kibao chako." Aliinama, akamshika goti kwa upole. "Ulikiacha kimesimama, mwanangu. Juu ya kopo."

Wakati huo ndipo Dada Kopo alipojua. Alikuwa amewaza gari, amewaza kopo, tangu jana hajala. Kibao hakukiwaza.

"Sitamwambia mtu," Mama Kamati alisema. "Hilo nitakwenda nalo kaburini. Na wewe, makopo yalikuwa manane. Yule mzee amezeeka, macho yake hayaoni. Ingetokea leo au kesho." Akanyanyuka kabla ya chai.

Kidoti alifariki Alhamisi kabla ya mapumziko ya saa nne, saa ambayo darasa la kwanza hutoka kucheza. Walimzika Ijumaa. Mama yake hakulia. Alikuwa akiwauliza waombolezaji jambo moja, mmoja baada ya mwingine: "Huyo mzee alikuwa hamwoni? Mtoto mwenye sare ya rangi ile, hamwoni?" Aliapa mbele ya kaburi kwamba hatamsamehe duniani wala ahera. Dada Kopo alisimama nyuma ya wote na alisikia kila neno.

Jumamosi asubuhi alimwambia mama yake mdogo. Alimwambia akiwa amempa mgongo, anakwangua sufuria ambayo ilikuwa safi. Gari, kopo, vyungu vya maua, kibao.

Mama mdogo alingoja mpaka sufuria ikaacha kulia.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi funga. Ulimi uliponza kichwa. Wewe ni nani na yule ni nani? Ukisema gari lake, yeye atasema kibao chako. Yeye atalipa faini ale chakula cha mchana. Wewe utalala ndani. Unanisikia?"

"Nasikia, mama."

"Mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha mwaka mzima, mama. Mara mbili kwa siku."

Mama mdogo alimtazama kama mtu aliyesikia kiti kikiongea. Katika miaka yote aliyomlea, hakuwahi kujibiwa. Aliingia ndani, akakaa huko muda mrefu, akatoka na gauni lake mwenyewe la kutokea, amelikunja mkononi.

"Ukienda, usiende na hilo lenye tundu kwapani," alisema. "Watakuona huna mtu."

Kituoni Sajini alikuwa anakula muhindi. Alimsikiliza maneno manne, akamkatiza. "Binti, makopo nimeyahesabu mimi. Manane."

"Nililirudisha mimi."

"Kwa nini ulirudishe? Mtoto amelala chini, wewe unapanga makopo?"

"Sijui, afande. Ndivyo ninavyofanya gari hilo likiondoka."

"Ulitumwa?"

"Sikutumwa. Mikono imezoea."

Sajini aliweka muhindi juu ya faili. Haikuwa hadithi ya kutunga. Mtu anayetunga hujitungia yenye faida. Wakaenda shuleni pamoja. Dada Kopo alimwonyesha ukutani, pembeni ya geti. Majani yalikuwa yameota pote isipokuwa sehemu moja, duara la upana wa kopo, udongo wake umegandamizwa mgumu na laini kama sakafu. Alilileta kopo la nne, akalikalisha. Liliingia kwenye duara lake bila kuacha hata upenyo wa kucha. Kisha alimwonyesha barabarani, pale kopo linapotakiwa kukaa. Lami ilikuwa nyeusi kwa matone ya oili, tone juu ya tone, ya gari moja linalovuja mahali pamoja. Sajini alichuchumaa akagusa kwa kidole, akanusa.

"Na kibao?" aliuliza. Yeye mwenyewe hakujua anachouliza. Alikuwa anamalizia kuandika tu. "Wakati huo kibao ulikuwa nacho mkononi?"

Angeweza kusema ndiyo. Hapakuwa na mtu wa kumbishia ila mmoja, na huyo alishaahidi.

Alikichukua kibao, akakichomeka ndani ya bomba la kopo. Kilisimama.

"Kilikuwa hivi," alisema. "Na watoto nimewafundisha mimi. Kibao juu, twende."

Kalamu ya Sajini ilisimama. Kisha ikaendelea.

Kobe aliachiwa Jumatano iliyofuata. Mama Kamati aliandikiwa kosa la kuegesha mahali pasiporuhusiwa, akalipa siku hiyo hiyo kabla ya saa sita, kama mama mdogo alivyobashiri. Alijiuzulu kamati kwa barua nzuri iliyosomwa mbele ya wazazi wote, na wengine wakamlilia. Dada Kopo alilala kituoni siku mbili, akatoka, akaambiwa faili lake bado liko wazi, aje atakapoitwa. Kazi ilikwisha. Kizibao cha njano alichokuwa akivaa kivukoni alikirudisha kimefuliwa na kunyooshwa.

Alikwenda kwa mama yake Kidoti. Alisimama nje ya dirisha, mashine ikaacha kulia. Alisema yote kwa mara ya tatu. Mama yule hakumtukana. Alivuta pazia, na baada ya muda mashine ikaanza tena.

Kobe alimkuta mbele ya duka. Mikate ilikuwa inaletwa na kijana mwenye haraka. Mzee alikuja kwa miguu kununua wake. Alikuwa amekonda shingo.

"Umenitoa, mwanangu," alisema. "Asante." Aligeuza mkate mkononi. "Ila ungesema siku ile. Kabla hawajamzika. Yule mama aliniapiza mbele ya kaburi, na kiapo cha mzazi hakina barua ya kukifuta."

"Najua, mzee."

"Mimi siendeshi tena. Nikikaa kwenye usukani namwona." Akaondoka, polepole.

Kengele ya mchana ikagongwa. Getini alikuwepo mlinzi mpya, mwanamume mwenye kifua na filimbi, na makopo manane yamepangwa. Dada Kopo hakuwa na la kufanya pale, alikuwa ametumwa chumvi tu. Gari la buluu lilikata kona, likapunguza mwendo, kioo kikateremka. Hakusikia kilichosemwa. Alimwona tu mlinzi mpya akicheka kwa heshima, akiinama, akilishika kopo la nne kwa mikono miwili na kulipeleka ukutani, kwenye duara lake.

Alivuka barabara. Alilibeba kopo akalirudisha mbele ya pua ya gari, na kwa sababu alijua litabebwa tena, akalikumbatia bomba lake na kukaa chini kando yake, juu ya lami, na gauni la kutokea la mama yake mdogo.

Honi ililia. Nyuma zikalia mbili, tatu. Watoto wa darasa la kwanza walisimama kwenye ukingo wa njia, mikoba imewazidi, wakimtazama.

"Dada, ondoka hapo," mlinzi alisema. "Unaleta vurugu bure. Huyu ni dakika moja tu."

Alinyanyua uso, akamtazama yule mwanamume machoni.

"Naijua hiyo dakika," alisema, na sauti yake ilifika mpaka dukani.